Ulrich, Hugh au Louis: maaskofu watatu watoto wa kishua, yupi umchukue awe somo wako

Kijana ninayemsimamia kipaimara mwaka huu alinitumia meseji usiku, anataka somo, yaani mtakatifu wa kuchukua jina lake. Katekista kawapa wiki mbili, kila mtu aje na jina la mtakatifu na aweze kueleza kwa nini kamchagua, sio unasimama unasema tu "nimelipenda jina" unakaa. Yeye anataka askofu, na anataka wa zamani kabisa, enzi za ngome na mapanga, na Agostino na Nikolao hawataki sababu darasani kwao tayari wapo wanne. Nikamwambia sawa, nipe siku mbili. Nilichomwandikia kikawa kirefu kuliko nilivyotegemea na najua hayuko peke yake kwenye hali hiyo, kwa hiyo nakiweka chote.

Nimebaki na watatu. Wote maaskofu, wote wa Zama za Kati, na wote ni watoto wa kishua, yaani kishua kweli sio ya kununua gari, familia zenye ngome na askari: Ulrich wa Augsburg huko Ujerumani, karne ya 10, Hugh wa Lincoln, mzaliwa wa upande wa Ufaransa aliyekuja kuwa askofu Uingereza, karne ya 12, na Louis wa Toulouse, huyu baba yake alikuwa mfalme wa Napoli, karne ya 13. Kwa Kiswahili utakuta wameandikwa Ulriki, Hugo na Ludoviko. Nimewalinganisha kwa swali moja tu: ule ukubwa aliozaliwa nao aliufanyia nini? Maana utakatifu wote wanao, hapo hakuna cha kulinganisha, ila hapo kwenye ukubwa ndo wanaachana kabisa.

Kwanza uelewe kawaida ilikuwaje, bila hivyo hutaona uzito wao. Enzi zile ukipewa uaskofu umepewa mashamba, vijiji, askari na mahakama yako. Mfalme alipenda kumpa ardhi askofu kuliko kabaila mwingine kwa sababu askofu hana mtoto halali wa kumrithi, akifa kiti kinarudi na mfalme anakuwa na neno tena juu ya nani akikalie. Na familia kubwa nazo zinajua hilo, kwa hiyo mtoto mmoja anarithi ngome, mwingine anasukumwa kanisani, akitaka asitake. Ndo unapata watu kama Odo wa Bayeux, ndugu wa mama mmoja na yule William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Odo alipewa uaskofu 1049 akiwa bado kijana kabisa, kwenye kile kitambaa maarufu cha Bayeux wamemtarizi yuko juu ya farasi katikati ya vita ameshika rungu, akapewa na Kent aitawale, 1082 ndugu yake huyohuyo akamtia ndani, na 1097 akafia Palermo akiwa njiani kwenda vita vya msalaba. Huyo sasa ndo askofu wa kishua wa kawaida, na hakuna aliyemshangaa sana. Sikushauri umchukue somo, kwanza hajatangazwa mtakatifu, ila muweke pembeni kama kipimo.

Walivyoingia kazini

Ulrich aliingia kwa njia ya kawaida kabisa na sioni haja ya kuficha. Amezaliwa 890, baba yake Hupald alikuwa bwana wa eneo la Dillingen, akasomeshwa kwa wamonaki wa Sankt Gallen, akarudi Augsburg akapata kazi kwa askofu wa wakati ule. Askofu akafa 909, akaja mwingine anaitwa Hiltine, na hapa padri Gerhard aliyeandika maisha ya Ulrich, mtu aliyemfahamu kwa karibu, anasema bila aibu kwamba Ulrich alimuona Hiltine sio mtu wa hadhi ya kumtumikia, akaondoka zake akarudi nyumbani kusimamia mali za mama yake. Yaani mtakatifu mtarajiwa kaacha kazi sababu bosi mpya hana ukoo wa maana! Akakaa nyumbani miaka mingi mpaka Hiltine alipofariki, ndugu zake wakamsemea kwa mfalme Heinrich, na 923 akawa askofu. Akakaa kwenye kiti hicho karibu miaka 50.

Hugh yeye ukoo wake ni mdogo kuliko wa wenzake, baba yake William alikuwa bwana wa ngome ya Avalon, kule milimani karibu na Grenoble. Kazaliwa kama 1140. Mama akafariki Hugh akiwa na miaka kama 8 hivi, na baba badala ya kuoa tena akamshika mtoto mkono wakaenda wote wawili kuishi kwa makanoni wa Mt. Agostino, yaani mapadri wanaoishi pamoja kwa kanuni, baba mwanajeshi na mtoto wake kwenye nyumba moja ya sala. Baadaye Hugh akapanda juu zaidi, Grande Chartreuse, kwa Wakartusiani, wale wamonaki wasioongea, kila mtu na kijumba chake. Kule alikuwa hataki kutoka. Aliyemtoa ni mfalme Henry wa 2 wa Uingereza ambaye baada ya watu wake kumuua askofu mkuu Thomas Becket alikuwa amejenga monasteri ya Wakartusiani pale Witham kama sehemu ya malipizi, na monasteri yenyewe ilikuwa inasuasua. Akaambiwa kuna mtu anaitwa Hugh, akamuomba.

Hugh kafika Witham kakuta nini, kuna wanakijiji wanatakiwa wahamishwe kupisha ujenzi. Akamwambia mfalme sianzi kazi mpaka kila mmoja alipwe nyumba yake hadi senti ya mwisho. Mfalme kalipa. Hugh akamwambia sasa hizo nyumba umeshazinunua ni zako, hebu nipe mimi. Mfalme kashangaa, kampa, Hugh akawarudishia wale wanakijiji mbao na vifaa vyao waondoke navyo wakajenge kwingine. Kwa hiyo wamelipwa na nyumba wamebaki nazo. Kila nikiisoma hii nacheka, na nawaza wangapi wameshahamishwa kupisha barabara bila mtu kama huyo mezani.

Halafu 1186 wakamchagua askofu wa Lincoln, na akakataa, akasema uchaguzi umefanyika mbele ya mfalme huo sio uchaguzi, rudini kwenye kanisa lenu mkachague kwa uhuru. Wakarudi, wakamchagua tena yeye. Hata hapo akasema mpaka mkuu wake kule Chartreuse aagize. Wakati wa safari makanoni wamevaa vizuri wamepanda farasi wazuri, yeye anakuja na nyumbu kamfungia nyuma furushi lake la kulalia, ngozi za kondoo na mablanketi, wenzake wakawa wanaona aibu mpaka mmoja wao akakata kamba ya furushi kimyakimya ili wasiingie nalo mjini.

Louis ni kesi tofauti kabisa. Kazaliwa 1274, baba yake ni Charles wa 2 wa Napoli, babu yake alikuwa mdogo wake mfalme mtakatifu Louis wa 9 wa Ufaransa, na upande wa mama kuna Elizabeti wa Hungaria, kwa hiyo huyu mtoto alikuwa na watakatifu kwenye ukoo kama wengine tulivyo na walimu. Mwaka 1284 baba yake akatekwa kwenye vita vya baharini mbele ya Napoli. 1288 akaachiwa kwa masharti, na sharti moja ni atoe watoto wake wa kiume watatu wakae kwa maadui kama dhamana. Louis alikuwa na miaka 14. Wakakaa Katalunya miaka 7. Fikiria hilo kidogo, baba yako anatoka kifungoni na wewe unaingia badala yake. Waliokuwa wanawafundisha huko ni Wafransisko, Louis akaugua, akaweka nadhiri akipona atakuwa mmoja wao, na akapona.

Walivyoachiwa 1295 kaka yao mkubwa alikuwa amefariki, kwa hiyo mrithi wa Napoli ni Louis. Akakataa. Akamwachia mdogo wake Robert. Baba na papa Bonifasi wa 8 wakaona basi huyu kijana awe askofu wa Toulouse, jimbo tajiri, angalau ukubwa ubaki nyumbani. Louis akasema nakubali ila kwanza mnipokee kwenye shirika la Ndugu Wadogo, ndo hao Wafransisko, na Desemba 1296 akala nadhiri kimyakimya huko Roma, ndo akawekwa wakfu askofu siku chache baadae, ana miaka 22.

Kwa hiyo umeona hapo. Mmoja kaupata uaskofu kwa ukoo, mmoja kaupata kwa sifa na kaukimbia mara mbili, mmoja kapewa kama zawadi ya kumfariji baba yake.

Mbele ya wakubwa

Hapa Hugh hana mpinzani, samahani kwa wengine. Aligombana na wafalme watatu na wote watatu wakabaki wanampenda, au angalau wanamuogopa.

Cha Henry ndo kizuri zaidi. Hugh alikuwa bado mpya kazini, akamtenga na Kanisa msimamizi mkuu wa misitu ya mfalme. Misitu ya mfalme enzi zile ilikuwa ni balaa kwa maskini, ukikamatwa umeua paa unaweza kupoteza kiungo. Juu ya hapo mfalme akaomba mtu wake wa ikulu apewe cheo chenye mshahara pale Lincoln, Hugh akasema vyeo vya kanisa ni vya watu wa kanisa. Henry kawaka. Akamuita Woodstock, na kabla hajafika akawapanga watu wake wakae duara chini ya miti, akasema akija mtu asimwamkie. Hugh kafika, kasalimia, kimya. Hakuna hata anayegeuza shingo. Akamsogeza bwana mmoja mkubwa aliyekuwa kando ya mfalme, akakaa hapohapo. Kimya. Mfalme kwa kukosa la kufanya akaomba sindano na uzi, akaanza kushona kitambaa alichokuwa amefunga kidole chenye jeraha. Anashona, watu wanaangalia, dakika zinakwenda. Hugh akamwangalia akasema jinsi unavyofanana sasa hivi na binamu zako wa Falaise!

Henry akaanguka chini kwa kucheka. Wengine hawakuelewa, ikabidi mfalme mwenyewe awaeleze: baba wa babu yake, yule William mtekaji, alizaliwa nje ya ndoa, mama yake alitoka Falaise, mji unaojulikana kwa kazi ya ngozi. Yaani Hugh kamwambia mfalme mbele ya mabwana wote kwamba damu yako imetoka kwa mafundi ngozi na unavyoshona inaonekana. Ndo hasira zikaishia hapo, na yule msimamizi wa misitu akaja kutubu, na kuchapwa viboko kama adhabu ya toba, kisha wakawa marafiki na Hugh.

Na utani ule angeuweza nani? Mtoto wa mkulima angesema vile angelala mahabusu. Hugh amekulia kwa watu wa ngome, anajua mabwana wanavyotaniana, na hilo tu ndo alilobaki nalo la kishua, lugha yake.

Richard, yule wa moyo wa simba, 1197 alitaka maaskofu na mabwana wamlipie askari 300 kwa mwaka mzima vitani Ufaransa. Hugh akasimama akasema kanisa la Lincoln lina deni la kumpa mfalme askari ndani ya Uingereza tu, nje hapana, na niko tayari kurudi kwetu milimani kuliko kuanzisha desturi hiyo. Richard akaamuru mali zake zichukuliwe, na hakuna ofisa aliyethubutu kuzigusa, wanaogopa laana yake. Mwaka uliofuata Hugh akamfuata mwenyewe hadi Normandy, akamkuta yuko misani, Richard akamgeuzia uso pembeni. Hugh akamkamata nguo kifuani akamtikisa, nibusu, nimekuja kutoka mbali, nibusu. Ikabidi Richard acheke ambusu. Huyu ni mtu aliyepigana na Salahudin jamani.

Ulrich yeye alikuwa mtu wa mfalme moja kwa moja. Mtoto wa mfalme Otto alipoasi dhidi ya baba yake, Ulrich alibaki na baba na jimbo lake likachomwa na kuporwa kwa ajili hiyo. Kama unataka mtakatifu wa kupingana na serikali, sio huyu. Ila uaminifu wake ulikuja kuonekana maana yake Agosti 955, na hapo lazima nikae kidogo.

Wahungaria wa wakati ule walikuwa bado hawajabatizwa, wapanda farasi wa mishale, walikuwa wanaingia Ujerumani kila baada ya muda, wanapora na kuchoma. Mwaka huo wakaja wengi hasa wakaizingira Augsburg. Kuta za mji fupi, hazina minara. Kwenye lango la mashariki mapigano yamechacha, na askofu ana miaka 65 yuko juu ya farasi katikati ya watu wake, hana ngao, hana deraya, hana kofia ya chuma, kavaa stola yake tu shingoni, ile skafu ya kipadri, mishale na mawe vinapita kushoto na kulia. Silaha hakushika, tofauti na Odo na rungu lake, na mimi hiyo tofauti naiona kubwa sana. Walipowarudisha nyuma, usiku kucha akawazungusha watu kuziba kuta, masista wakazunguka mji na misalaba wakisali na wengine wamelala kifudifudi kanisani, yeye akasinzia kidogo, alfajiri akasoma misa akawakomunisha watu, maana kila mmoja alijua leo huenda ikawa mwisho. Wahungaria wakaja tena na vifaa vya kubomolea kuta, wakiwa wanawachapa watu wao viboko wasonge. Ghafla ikaja habari kwamba Otto anakaribia, wakaacha mji wakaenda kupambana naye kwenye uwanda wa mto Lech, na tarehe 10 Agosti wakashindwa vibaya na uvamizi ule mkubwa ndo ukaishia hapo.

Ndugu yake Ulrich wa damu, Dietpald, alikuwa ametoka mjini usiku kwenda kujiunga na jeshi la Otto. Akafia humo, pamoja na mpwa wao mmoja. Baada ya ushindi askofu akaenda kuitafuta miili uwanjani, akaipata, akaja kuizika kanisani kwake. Huo ndo upande mwingine wa kuzaliwa kishua ambao watu hawauoni, jamii ilikuwa inategemea kabisa kwamba vita vikija wa kwanza kwenda ni nyie.

Louis mbele ya wakubwa? Wakubwa ni baba yake. Februari 1297 akatembea Roma hadharani kwa miguu na kanzu chakavu ya Kifransisko, kila mtu aone. Kufika Toulouse watu wamejiandaa kumpokea mtoto wa mfalme, wakamuona kijana kavaa kanzu ya viraka. Akaitisha hesabu za mapato ya jimbo, akapunguza matumizi ya nyumba yake, kilichobaki kikaenda kwa maskini, na kila siku maskini 25 walikuwa wanakula kwake. Ugomvi hakugombana na mtu. Alikuwa anaondoka tu, polepole, kutoka kila kitu alichopewa.

Kasoro zao, maana katekista atauliza

Ulrich: undugu. Uzeeni alitaka mpwa wake Adalbero amrithi, akamuombea kwa Otto, ambaye sasa alikuwa Kaisari, na huyo mpwa akaanza kutembea na fimbo ya kiaskofu mkononi wakati askofu yuko hai. Mwaka 972 kwenye sinodi ya Ingelheim maaskofu wenzake wakakataa kabisa, Adalbero akalazimika kuapa kwamba hakujua ni kosa. Mwaka uliofuata kijana akafa kabla ya mzee. Hao ndugu ndo walimuingiza na ndugu hao karibu wamharibie, na ukweli ni kwamba hakuwahi kujinasua nao.

Hugh: hasira, mwenyewe alikiri kwamba ni mkali kuliko pilipili. Na masalia, yaani mifupa na vitu vya watakatifu, hapo alikuwa hajizuii. Kule monasteri ya Fécamp, Normandy, walimuonesha mfupa wa mkono wa Maria Magdalena, akajaribu kuvunja kipande kwa vidole ukagoma, akauinamia akaung'ata kwa meno, akatoka na vipande viwili. Wamonaki wakapiga kelele kwamba anautafuna kama mbwa. Akawajibu kwamba kama muda mfupi uliopita ameushika mwili wa Bwana kwa vidole hivi na kuula, kwa nini asifanye hivyo na mifupa ya watakatifu. Sijui utamuelezaje katekista hiyo, labda uiruke.

Louis: hakufanya kazi. Nasema kwa heshima. Alikuwa askofu kama miezi 8 tu na Toulouse yenyewe alikaa muda mfupi sana, akaugua akafia Brignoles tarehe 19 Agosti 1297 akiwa na miaka 23. Kingine sio kosa lake ila kinanikera, familia ilimtumia hata baada ya kufa. Alitangazwa mtakatifu 1317, mama yake yuko hai na mdogo wake Robert ndo mfalme, na kuna watu walikuwa wanasema Robert hakustahili kile kiti kwa sababu yule kaka mkubwa aliyefariki aliacha mtoto. Kwa hiyo ikachorwa picha kubwa na Simone Martini, iko Napoli hadi leo: Louis amekaa na joho la thamani, malaika wanamvisha taji la mbinguni, na yeye kwa mkono mmoja anamvisha Robert taji la duniani, Robert kapiga magoti pembeni kadogo. Ukiangalia chini ya lile joho lote la dhahabu unaiona kanzu ya kahawia na kamba. Kijana kaukimbia ukubwa mpaka kaburini, wamemkamata wamemkalisha kwenye kiti.

Kwa watu wadogo

Hapa nitapita haraka. Ulrich alizunguka jimbo lake kwa mkokoteni wa ng'ombe, sio kwamba farasi hawezi, alitaka akae anaimba zaburi bila kusumbuliwa njiani, na akifika anasikiliza kesi na malalamiko ya watu. Hugh aliosha na kubusu wenye ukoma, akikuta maiti njiani isiyo na wa kuizika anasimama anaizika, hata kama mfalme anamsubiri mezani, na mwaka 1190 watu walipoanza kuwashambulia Wayahudi mijini alisimama yeye mwenyewe mbele ya watu wenye silaha kuwakinga. Hiyo ya mwisho kwa wakati ule ilikuwa adimu mno. Louis nimeshasema.

Mambo ya kawaida: jina, sikukuu, picha

Ulrich, 4 Julai. Picha zake anashika samaki, kuna hekaya kwamba alikaa na askofu mwenzake wakipiga stori Alhamisi usiku hadi Ijumaa asubuhi na nyama bado iko mezani, akaja tarishi, akapewa kipande, tarishi akakipeleka kwa bwana wake kuwachongea kwamba wanakula nyama Ijumaa, kufungua akakuta samaki. Zamani watu walichukua udongo wa kaburi lake kufukuza panya. Na sifa kubwa: mwaka 993 papa Yohane wa 15 alimtangaza mtakatifu, na huo ndo utangazaji wa kwanza wa kipapa tunaoufahamu. Kabla ya hapo majimbo yalikuwa yanajitangazia. Hilo peke yake linatosha kumnyamazisha katekista.

Hugh, 17 Novemba. Anachorwa na batamaji, maana alikuwa naye kweli, kwenye nyumba yake ya Stow karibu na Lincoln, ndege mkali anamfukuza kila mtu ila Hugh akija anaingiza kichwa kwenye mkono wa kanzu yake kula mkate. Alitangazwa 1220, Mkartusiani wa kwanza. Angalia usimchanganye na Hugo wa Grenoble, naye askofu, yule aliyewapa Wakartusiani sehemu ya kuanzia 1084.

Louis, 19 Agosti. Kina Ludoviko na Ludovick wapo wengi kwetu ila wengi wao ukiwauliza ni yule mfalme wa Ufaransa, sikukuu yake 25 Agosti. Mji wa San Luis Obispo kule Kalifornia ni wa huyu wetu, walianza na misheni 1772, na hilo neno Obispo ndo Askofu.

Basi yupi?

Kama kwenu ni familia kubwa, wewe ndo unategemewa, kila mtu anataka umtafutie kazi na ukienda mahali unaulizwa wewe ni wa nani, chukua Ulrich. Ataielewa hali yako kuliko yeyote na ameshakosea kwa niaba yako. Kama kuna kitu umepangiwa nyumbani, kozi, biashara ya baba, na roho yako haiko huko, chukua Louis, ila ujue alilipa bei, na alikuwa mpole hadi mwisho hakumtukana baba yake. Kama una mdomo, unacheka sana, unapandwa na hasira haraka na huwezi kumuona mnyonge anaonewa ukanyamaza, ni Hugh na wala usizunguke.

Mimi ningechukua Hugh. Ila kitu kimoja kinanirudisha kwa Ulrich kila mara: wote wawili walikufa vilevile, wamelazwa chini sakafuni juu ya majivu yaliyomwagwa kwa umbo la msalaba, Ulrich Julai 973, Hugh Novemba 1200 huko London. Na Hugh aliyekimbia vyeo maisha yake yote jeneza lake lilibebwa na mfalme John, na mfalme wa Uskoti yuko msibani, wakati Ulrich aliyeingia kwa ukoo alikuwa ameshawazika ndugu zake.

Kijana kasoma yote, kakaa kimya siku nzima, halafu akanijibu kwa meseji moja: "Hugo. Huyo bata nimempenda." Nimemwambia kwenye fomu aandike kabisa "wa Lincoln", na ile ya kung'ata mfupa aiache mpaka baba askofu ameshampaka mafuta.